Sisi au Wao

Mkufunzi wetu wa sosholojia pale chuoni Butimba alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Kila asubuhi alitusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kama mzee wa Magu, kisha akafuta ubao kwa kiganja mpaka vidole vikawa vyeupe. Alikuwa na sauti ya chini, nasi tuliinama mbele ili tumsikie. Miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mjini watu walibishana vikali nani mzawa na nani mgeni, na siku moja mkufunzi akafika kwenye mada ya makundi ya wachache.

"Wahindi wa hapa," alianza, "wao wana maduka..." Akasita. "Yaani sisi tuna..." Akasita tena, maana yeye hakuwa na duka.

Amondi, Mjaluo wa Shirati, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Hapa mimi ni mchache, lakini kwetu tumejaa. Niandike sisi au wao?"

Tukacheka. Mkufunzi alimtazama Amondi kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda kwao akaikosa.

"Sijui," alisema. "Nilidhani nyinyi mtaniambia."

Mle darasani Wasukuma ndio tuliokuwa wengi, na sisi ndio tuliotangulia kuinamisha macho.