Risasi Tuliyojaribu na Risasi Tuliyopakia

Naikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, kwa sababu ya swali moja lililoninyima usingizi: bastola ikipiga risasi za aina moja bila kukwama, nani amesema itapiga na za aina nyingine?

Usishangae nikikuita mwanangu na ndevu zangu bado nyeusi. Mimi ni noko wako, ndugu wa mama yako, na kwetu noko ni mzee hata akiwa kijana. Kesho unaanza kazi ya kuandika kwenye ghala la mtaa wa Area 18, kule mjini. Kwa hiyo nisikilize.

Nilikuwa nimetoka tu kupata diploma. Tajiri mmoja wa Area 49 alinichukua nimtunzie karatasi zake. Alikuwa na bastola ya zamani ya kijeshi, aliyorithi kwa baba yake, yenye leseni, na mlinzi wake Chikondi alikuwa na kibali cha kuibeba. Jumamosi ile tulikwenda kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Chikondi alipiga risasi za zamani, zenye kichwa cha duara. Zote zilitoka. Kisha tajiri akatoa kopo la risasi mpya, zenye tundu kichwani, akaamuru zipakiwe.

"Hizi hatuzijaribu?" niliuliza, kwa sauti ndogo mno.

"Hizi ni za kuagiza, si za kuchezea. Andika."

Nikaandika daftarini: *Imejaribiwa. Inafanya kazi.* Chikondi, ambaye Kiswahili alikiokota kwetu sisi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, akanipiga bega. "Achimwene, kaka yangu, we andika muzuri, mi nitapiga muzuri." Tukacheka. Kicheko kile bado nakisikia, na sikipendi.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata Mzee Rubeni hapa kambini. Leo anatengeneza vyerehani, lakini zamani, kwetu Bukavu, alikuwa fundi wa silaha. Nilimweleza yote huku akisafisha cherehani cha mama mmoja.

"Mulijaribu na risasi gani?"

"Za kichwa ya duara, mzee."

"Na ndani mukaacha gani?"

"Za tundu."

Aliweka kitambaa chini. "Licencié mzima, mutu wa diploma! Batu banakupigia makofi kanisani, kumbe kichwa iko na tundu kama ile risasi." Kisha akapunguza ukali. Alinionyesha kwa kidole na sindano jinsi risasi inavyosukumwa kutoka kwenye magazini, kile kikasha cha risasi, ikapanda kamwinuko ka chuma, ikaingia mahali pake. Bastola kama ile, alisema, ilitengenezewa kichwa cha duara, kinachoteleza. Yenye tundu ina mdomo mpana. Mdomo ule unaweza kugonga ukingo ukabaki hapo. "Ingine itakubali, ingine itakataa. Hauwezi jua mpaka upige zilezile utakazobeba. Rudi kesho, umuambie patron arudishe za zamani. Kesho, mutoto. Usiende kufikiri."

Nilikwenda kufikiri, mwanangu. Ndiyo kazi niliyoijua. Jumatatu niliandika ujumbe kwa tajiri, nikaufuta. Je, kama mzee amesahau kazi? Je, kama bastola ile ni ya zile zinazokubali? Na mimi ni nani, mkimbizi ninayefanya kazi mjini kwa kujifichaficha, nimfundishe mwenye mali? Jumanne niliupanga upya, nikaongeza salamu. Jumatano nikaona salamu ni nyingi. Kumwambia Chikondi mwenyewe, niliyekula naye nsima, ule ugali wa kwao, kila mchana, sikuthubutu, nikihofia atamwambia tajiri. Nikajiwekea Ijumaa.

Alhamisi alasiri watu wenye mapanga waliingia getini. Ile risasi iliyokuwa tayari ndani ilitoka, ikapiga ukuta. Ya pili ilikwama kama mfupa kooni. Nilikuwa dirishani. Nilimwona Chikondi anavuta, anavuta tena, anaangalia mkono wake kama si wake. Hakufika hospitali.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja hata wiki. Siku ya pili baada ya mazishi tajiri aliniita. Alikuwa amewaambia polisi kwamba silaha ilikuwa nzima, mlinzi ndiye aliyeogopa akashindwa kuitumia. "Leta daftari," alisema. "Umeandika mwenyewe kwamba inafanya kazi."

Yaani sentensi yangu, iliyokuwa imemuua mtu, sasa ilitakiwa iliue na jina lake.

Niliketi na daftari lile magotini. Nikisema, nafukuzwa kazi, na polisi watauliza mkimbizi anafanya nini mjini. Nisiposema, watoto wa Chikondi watakua wakiambiwa baba yao alikuwa mwoga. Kwa mara ya kwanza sikupanga salamu. Nilikwenda kwa mjane wake, nikamweleza yote, na Jumatatu ambayo sikuzungumza sikuificha. Alinisikiliza akiangalia chini. "Zikomo," alinishukuru, basi. Hakuniangalia hata mara moja. Tulikwenda kituoni pamoja, nikaeleza ni risasi gani tulijaribu na ipi tulipakia, na nani aliyeandika. Nikatia saini. Jioni nilikuwa Dzaleka, bila kazi, na Chikondi alikuwa bado kaburini. Ukweli uliochelewa haufufui mtu.

Sikudanganyi kwamba moyo wangu ulitulia. Haujatulia. Lakini wewe bado una kesho. Usiandike "imejaribiwa" kwa kitu ambacho nduguye ndiye aliyejaribiwa. Ukiona kasoro, sema siku hiyohiyo, hata kwa sauti inayotetemeka, hata kama utachekwa. Kuogopa si dhambi; dhambi ni kumwachia mwingine abebe kilichokutisha.

Inama sasa, nikuwekee mkono kichwani, maana baraka ya noko hairudishwi. Mungu akupe mdomo mwepesi kuliko mawazo yako. Kalamu yako isizike mtu. Na utakaokula nao nsima mchana, uwakute wazima jioni.