Mdogo Wangu Anayesikia kwa Macho

Mdogo wangu anasikia kwa macho. Ukimwongelesha akiwa amekupa kisogo, umeongea na shati. Niliyajua hayo wiki aliyokuja likizo ya jeshi, nilipomwita kutoka nyuma yake pale migombani aje tule, nikaita mpaka kuku wa jirani wakaitikia. Mwishowe nikamrushia ganda la ndizi mgongoni. Aligeuka kwa kasi ya kunitisha, ngumi juu, kisha akaona ni mimi tu na aproni ya jikoni.

"Kwani umeniita sana?"

"Tangu serikali iliyopita."

Akacheka, lakini niliona anatazama midomo yangu, si macho.

Kazi yake ni kusimama kwenye tundu la paa la gari la deraya, nyuma ya bombomu, ile bunduki nzito isiyobebeka begani. Imefungwa juu ya pete ya chuma inayozunguka, naye anazunguka nayo. Risasi yake moja, aliniambia, ni ndefu kuliko kidole cha kati na nene kama gumba. Zinaingia kwa mkanda, na maganda yanadondoka ndani ya gari yakiwa moto. Dereva akisahau kufunga kola, ataimba. "Ile kitu husikii na masikio," alisema. "Unasikia na kifua." Vizibo vya masikio walipewa, ila kimoja alikuwa anakitoa ili amsikie kamanda anayepiga kelele kutoka chini. Sikio hilo limekufa. La pili limebaki na nyenje mmoja asiyelala.

Mimi niliyasikiliza hayo nikimenya viazi. Safari yangu ndefu huwa ni Masimba, na nikifika huko naanza kuulizia nauli ya kurudi nyumbani Kebirigo. Siku ya kuandikishwa jeshini tulikwenda wote wawili. Nyayo zangu zilionekana bapa kama chapati, nikarudishwa, yeye akachukuliwa. Nyumbani nilivaa uso wa huzuni hadi jioni, kisha nikalala kama mtu aliyetoka kula harusini. Tangu hapo kila redio ikitaja gari la jeshi lililokanyaga bomu, kisu changu cha kupogolea michai husimama hewani, nami nawaza: nyayo zangu ndizo zilizompeleka pale juu.

Basi aliponiomba niwe esigani wake, yaani mshenga wa kumsemea kwa wazazi wa mchumba wake kule Kenyenya, nilikubali haraka. Angalau kazi moja ya kusimama mbele ya watu.

"Habari ya masikio nitawaambia mwenyewe, tukishakula," alisema. "Wakikataa, wanikatae wakinitazama. Usinitangulie, kaka."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Kaburi hilo likampa somo moja, kwa vile mambo ya nyumbani ndiyo elimu yangu. Nikamkumbusha chinsoni, ile heshima yetu ya ukwe. "Mama mkwe hatazamwi usoni. Akitokea tu, macho chini." Akaitikia kama askari. Hatukufikiria, wala yeye wala mimi mwenye akili nyingi, kwamba mtu anayesikia kwa macho akiyateremsha macho amejizima.

Tulikaribishwa vizuri. Ni Waadventista, chai kwao ni mwiko: shamba lao la chai linafika barabarani lakini kikombeni mwao ni uji wa wimbi. Baba mtu aliuliza habari za mvua, mdogo wangu akamsoma midomo na kumjibu barabara. Shangazi wa binti, mama mnene mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ameshaanza kumwita "askari wetu". Ndipo mama mkwe akatokea mlangoni.

"Mbuya mono, mwanangu?"

Mdogo wangu akatazama viatu vyake. Kwa heshima zote.

Mama akarudia salamu. Macho yakabaki viatuni.

"Lo!" shangazi akasema. "Huyu anaitikia majenerali peke yake?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha. Baba mtu akaweka kikombe chini. Yule mama alibaki ameshika mwimo wa mlango, na binti akainua uso kunitazama mimi, mshenga.

Ningemgusa goti tu. Lilikuwa hapo, karibu na mkono wangu. Badala yake nikasimama, nikampa mgongo mdogo wangu asinisome midomo, nikamwaga kila kitu. "Tata, baba yetu, huyu hana kiburi. Ni kiziwi. Bunduki ya juu ya gari imemla masikio. Ukitaka kumnong'oneza, mpige jiwe kwanza." Ndiyo, niliongeza na utani. Hofu ikinishika huwa nachekesha.

Hakuna aliyecheka. Mama akatoka nje. Nikajua nimeua ndoa.

Akarudi na kigoda. Akakiweka mbele ya mdogo wangu, karibu kuliko mama mkwe yeyote niliyepata kumwona, akaketi, akamgonga goti. Lile lile goti. Mdogo wangu akainua macho kwa woga, akanitafuta. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbuya mono, mwanangu?" mama akasema polepole.

"MBUYA MONO, MAMA!"

"Hiyo imefika hadi sokoni," shangazi akasema, akijipangusa macho kwa leso.

Baba mtu akaagiza chakula kiletwe, na pale kwetu anayekuletea chakula baada ya neno kama hilo amekukubali. Tukala. Nikaanza kupumua.

Kisha mdogo wangu akanawa mikono, akanyoosha shati, akasimama. "Wazazi wangu, kuna jambo lazima mlijue kabla hatujaendelea." Akaanza mwanzo kabisa: tundu la paa, pete, mkanda, kizibo alichokuwa anakitoa. Sauti yake ilikuwa kubwa mno. Hakuna aliyemkatiza. Baba mtu alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari mpya. Shangazi, hata yeye, aliziba mdomo kwa mshangao.

"Kaka yangu hapa alijua siku zote," akamalizia, akiniwekea mkono begani. "Nilimwomba asiseme, na hakusema. Ndugu kama huyu ni wachache."

Wote wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.