Karatasi ya Mahudhurio

Mtaani kwetu Temeke, mkutano wa serikali ya mtaa unaanza na karatasi. Kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, karatasi ya mahudhurio inazungushwa: unaandika jina, namba ya simu, unaweka sahihi, unampa wa pembeni. Hakuna anayeuliza ya nini. Siku ile niliwahi, nikasaini wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo, nikiwa nimejiandalia maswali matatu kuhusu mtaro uliokuwa ukitumwagia uchafu milangoni. Sikupewa nafasi ya kuuliza hata moja. Tukaambiwa muda umekwisha, tukatawanyika.

Wiki tatu baadaye uwanja wetu ukazungushiwa mabati. Nauita uwanja, lakini ni kipande cha mchanga tu kati ya msikiti na mashine ya kusaga. Ila nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba hakuna pengine pa kufunga turubai. Mtu akifa, tunakaa pale. Mtu akiolewa, pilau inapikwa pale. Nikaenda ofisini kuuliza nani ametoa ruhusa. Mwenyekiti, mtu mzima mpole wa rika la marehemu baba yangu, akafungua faili bila kuhangaika. Muhtasari wa mkutano ulisema wananchi wameridhia kwa kauli moja eneo lijengwe fremu za maduka. Nyuma yake ilikuwa imebanwa karatasi yetu ya mahudhurio, na jina langu likiwa juu kabisa.

Sikumbuki nilitokaje mle ofisini. Ninachokumbuka ni kwamba nilikaa kwenye ngazi za dukani nikaandika yote kwenye grupu la mtaa, ujumbe mrefu wa hasira: jamani, tukisaini kuhudhuria wanatuhesabu tumekubali. Grupu lilinyamaza siku nzima. Kisha mtu akatuma tangazo la maji kukatika. Wenye namba zangu wakanifuata pembeni mmoja mmoja, eti braza umeongea, eti wewe jasiri. Pembeni! Siku hiyo niliichoka nchi hii, na sikuwachoka viongozi peke yao. Nilituchoka sisi sote tunaojua na kuishia kunong'ona. Redioni vijana wanahimizwa kutwa washiriki katika maamuzi. Haya, nilikuwa nimeshiriki, tena na namba ya simu niliacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Chuo nilikuwa nimemaliza miaka mitatu nyuma, na bado nililala chumba kimoja na wadogo zangu wawili. Mama, aliyekuja mjini kutoka Lindi na kunisomesha kwa vitumbua, hakuwahi kunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma. Ndipo shule moja ya binafsi upande wa Mbezi Beach ikanipigia. Nimepata nafasi ya ualimu, niripoti Jumatatu, nije na barua ya utambulisho kutoka mtaani kwangu, yenye muhuri. Muhuri unakaa kwenye droo ya mwenyekiti.

Niliipita ile ofisi mara mbili kabla ya kuingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na angenifokea ningepata nafuu. Aliitikia shikamoo yangu, akanivutia kiti, akaniuliza hali ya mama. Barua si tatizo, akasema. Ila na yeye ana shida ndogo. Huko juu wameirudisha ile karatasi kwa sababu majina ni machache mno, hivyo ameitisha mkutano mwingine Jumamosi alasiri. Na tangu nilipoandika yale maneno kwenye grupu, watu wanaiogopa karatasi.

"Mie sina ugomvi na wewe, mwanangu," akasema. "Nyie ndio wasomi wetu, watu wanakuamini. Nizungushie karatasi Jumamosi. Mkutano ukiisha, barua yako utaichukua pale pale."

Nikamsimulia mama, nikitumaini atakasirika, anikataze, aniondolee mzigo wa kuamua. Alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vitumbua. Halafu akaniambia shati la Jumatatu ameshalipiga pasi.

Jumamosi nilisimama mbele ya majirani zangu na kalamu mkononi. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nitawanong'oneza wasisaini, kama nao walivyoninong'oneza mie. Lakini mwenyekiti alikaa pale mbele, bahasha yenye barua yangu iko mezani kwake, naiona. Watu wakasaini. Waliokuwa wakisita walinitazama usoni, wakasaini. Kila sahihi niliiona ikiandikwa.

Nikafika kwa mama mmoja tunayepakana naye ukuta. Mwaka juzi alifiwa na mumewe, na msiba wake tulikaa siku tatu kwenye uwanja ule ule. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Aliishika kalamu lakini hakuandika.

"Mie nilishaapa karatasi zao sitii tena mkono," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe ndiye uliyetufumbua macho."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Ilikuwa ni neno moja tu, usisaini, na angelisikia yeye peke yake. Nikaitazama bahasha, nikawaona akilini wadogo zangu wamelala mzungu wa nne, nikaliona shati.

"Lakini kama umeileta wewe," akasema, "basi sina wasiwasi."

Akainama, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, akaweka sahihi. Nikapokea karatasi, nikampa aliyefuata.