Mpira wa Bati wa Tiara Ishirini na Nne

Mimi shule niliishia darasa la pili, ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji mwingine. Kwa hiyo jina la kitaalamu la ule mpira silijui. Katekista mmoja wa Buswelu aliniletea wa karatasi hapa Igogo, akitaka nimtengenezee wa bati, utobolewe matundu, utiwe balbu, uning'inie juu ya altare.

"Shikamoo mzee. Utauweza huu?"

"Marahaba. Koroboi zangu zimewaka mpaka Ukerewe, wewe unaniuliza mpira?"

Kweli ziliwaka, ila siku hizi watu wana umeme na sola, koroboi hainunui mtu. Kwa hiyo kazi hiyo niliifurahia mno. Na mpira wenyewe ulikuwa mzuri, jamani. Vipande ishirini na nne, vyote sawa, kila kimoja na umbo la tiara, ile wanayorusha watoto: pande mbili fupi, mbili ndefu. Pale pande fupi zinapokutana huungana vipande vitatu, kona nyingine zote vinne. Ukivipanga hivyo vinaanza kujikunja vyenyewe kuwa duara. Nilikaa nao mapajani asubuhi nzima nikiupapasa. Nasema kuupapasa, maana kuuona ilikuwa shida, na hapo ndipo penye maneno.

Binti yangu, ninayeishi kwake tangu mama yake afariki mwaka juzi, alishaniambia mara nyingi twende hospitali ya macho. Nikawa namjibu kwamba naona mpaka chawa wa kuku. Niliogopa kisu. Niliogopa zaidi asije akaninyang'anya mkasi wa bati, nikabaki barazani kama gunia la pumba.

Basi nikakata kielelezo cha kadibodi, nikawa nakizungushia msumari juu ya bati, nachora, nakata. Kwenye kipande cha nne kielelezo kikaanguka. Nilipapasa chini, sikukipata. Kumwita binti anitafutie nikaona aibu. Nikachukua bati nililotoka kukata, nikachorea hilo. Lililofuata nikachorea hilo jipya, na kuendelea. Fundi yeyote wa bati anajua ni kosa: msumari unapita nje ya ukingo, kila mara unaongeza unene wa unywele. Wanafunzi wangu niliwagombeza sana kwa kosa hilohilo.

Siku katekista aliporudi nilikuwa bado nalazimisha kipande cha mwisho. Huku kimempanda mwenzake, kule kidole kinaingia.

Binti akakichukua, akakilaza juu ya kile cha kwanza nilichokata. Akacheka. "Baba, mtoto kampita mama yake! Hukuona?"

Nikanyoosha mkono kuvipapasa vyote viwili. Akaacha kucheka.

"Si neno, mzee," katekista akasema. "Nikuongezee wiki moja?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema ndiyo, kwa mazoea. Nikaufunga. Kisha nikamwambia, "Tafuta fundi mwingine. Sioni."

Katekista akaaga taratibu, akaenda zake. Binti akakaa chini karibu yangu, kwenye vipande vya bati.

"Tangu lini, baba?"

Ningeweza kumwambia tangu juzijuzi tu.

"Siku ya kumuaga mama yako," nikasema, "nilipita kwenye jeneza kama wengine, nikainama. Uso wake sikuuona."