Nyasi za Korongo la Mama Kizito

Niliondoka Chanji asubuhi moja, moshi wa majani yaliyochomwa mabondeni ukiwa bado umelala juu ya barabara, na sikujua ninakwenda wapi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitatu. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la sita, na nyumbani walishachoka kuniuliza nitakuwa nani. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, malori ya wafanyabiashara binafsi yalipoanza kupanda Ufipa kufuata mahindi. Dereva mmoja alinipakia juu ya magunia matupu. Tulipopita Mpui akasimama ghafla, maana korongo lilikuwa limeila barabara upande mmoja. Nikashuka kulitazama. Lori likageuza kurudi, mimi nikabaki palepale nikichungulia.

Korongo lilianzia kwenye mdomo wa kalavati. Maji yote ya mtaro yalipitia tundu lile moja, yakatoka kwa kishindo na kuchimba udongo mwekundu hadi nyuma ya nyumba ya mjane aliyeitwa Mama Kizito. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia huku macho yake yakiwa kwenye ufa uliotambaa uani. Masika iliyopita jiko lake lilikuwa limeporomoka humo na masufuria yake. "Likichukua na nyumba," aliniambia, "nitakwenda kuishi kwa kaka yangu, na wifi yangu ananinunia hata nikiwa mgeni wa siku moja." Akanipa uji wa ulezi na mkeka.

Siku chache baadaye alifika injinia wa barabara na gengi lake la vibarua, mtu mnene mcheshi mwenye mabuti ya mpira. Nilimfuata kila alipokwenda nikimuuliza maswali, naye akanijibu yote, jambo ambalo walimu wangu hawakuwahi kulifanya. Alinionyesha kwamba adui si wingi wa maji bali kasi yake. Tuyagawe huko juu kwa mifereji midogo, alisema, halafu humu korongoni tuyawekee vizuizi vya mawe, ngazi baada ya ngazi, yashuke taratibu na kuacha udongo wake nyuma. Kingo tuzifunike kwa vipande vya nyasi vilivyokatwa bondeni pamoja na udongo wake.

Kijiji kizima kilitoka. Masanja, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake, alileta mawe kwa mkokoteni. Injinia alipokwenda Sumbawanga na gengi lake kufuata waya wa kufungia mawe, sisi wanakijiji tukaendelea na nyasi. Kila Mfipa hujua kazi ile tangu utoto. Unakata pande la majani, unaligeuza, majani ndani na udongo nje, unapata ntumba, tuta la duara ambalo majani huozea humo yakawa mbolea ya maharage. Mikono yetu ilifanya hivyohivyo. Kufika Jumamosi kingo zote zilikuwa nadhifu, nyekundu, hakuna jani hata moja lililoonekana. Tulijisifu sana.

Jumapili, watu wakitoka misani, ikanyesha mvua ya kwanza, ndogo tu. Vipande vyote vikayeyuka kama sukari, na ukingo wa uani ukamegeka hatua nzima kuelekea ukutani. Mama Kizito alianza kufunga nguo zake kwenye kanga.

Injinia aliporudi aliinua pande moja, akaligeuza, akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani! Mmezilaza kifudifudi!"

"Wafipa hawa," Masanja akadakia, "wakiona jani lazima walizike."

"Na wewe ukiona jani unaliletea ng'ombe," Mama Kizito akamjibu bila kugeuka. "Hao wako wakikanyaga hapa, mkia mmoja utabaki kwangu."

"Nimesikia, mama. Nitawafunga."

"Kwenye maharage tunataka majani yafe," injinia akaeleza akifuta machozi. "Hapa tunataka yaishi, mizizi ishike udongo." Tukaanza upya. Nilipanda kipande baada ya kipande, majani juu, nikavipigilia vigingi, na kila mkono uliosahau niliupiga kofi, hata wa watu wazima. Mama Kizito alifungua kanga yake akaja kufanya kazi nasi.

Mvua kubwa ilikuja wiki kadhaa baadaye, mchana, nyasi zikiwa zimeshashika. Tulisimama mlangoni tumeshikana mikono. Maji yakafika kizuizi cha kwanza, yakatulia, yakamwagika polepole hadi cha pili, kisha cha tatu. Kelele niliyoizoea, ile ya udongo kudondoka, haikuja. Mama Kizito akatoka kwenye mvua akapiga vigelegele, akacheza peke yake uani, akamwita wifi yake kwa jina aje aone, ingawa alikuwa mbali, Mwimbi.

Gengi lilipohama niliondoka nalo. Sikuwahi kuwa injinia. Hesabu zilinishinda na kukaa mahali pamoja kulinishinda zaidi. Lakini nimejenga mitaro katika miji mingi. Siku hizi tuna greda, nyavu za waya za kujazia mawe na zege, na kazi ya msimu mzima humalizika kwa wiki. Sijaona zege lililomfanya mtu acheze mvuani. Juzi nimefika mji mwingine tena, kazi ya mtaro wa soko, na mwenye nyumba akanionyesha vyumba viwili, kimoja kizuri chenye vigae, kimoja cha kawaida. Nilitoka kwanza nikazunguka nyumba, nikatazama mteremko na maji yanakoelekea, moja kwa moja kwenye ukuta wa kile cha vigae. "Unatafuta nini, dada?" akauliza. Nikamwambia nachukua kile cha kawaida, na kesho, akipenda, nitamwonyesha pa kupanda nyasi.