Umm Khalfan Hajui Kupika Bokoboko

Sisi tuliokulia Ruwi, hapa Maskati, zama zile televisheni inafunguliwa jioni na kufungwa kama duka la nguo, tuna ugonjwa wetu mmoja. Tukikaa wawili watatu, kahawa ikishapita, lazima mtu aseme, "Jamani, mnamkumbuka Umm Khalfan?" Basi. Watu wazima wenye vitambi, dawa za sukari mifukoni, wanaanza kumlilia mama ambaye hakuwazaa. "Mama yule! Siku hizi hakuna tena mama kama yule." Mimi nakula halwa yangu. Umm Khalfan ndiye aliyenizaa mimi, na nnamjua.

Kwa mliozaliwa juzi, nielezee. Umm Khalfan, yaani mama yake Khalfan, alikuwa mama katika mchezo wa kuchekesha wa Kiarabu uliokuwa ukioneshwa baada ya futari, Ramadhani nne mfululizo. Ana mume mpole asiyejua hata kufunga bomba la maji, ana watoto wanne watundu, na ana subira ambayo mimi sijaiona kwa binadamu yeyote. Kila kipindi kilimalizika vilevile: ugomvi umekwisha, watoto wamelizunguka sinia la harisi, ngano iliyopondwa na nyama, ile ambayo sisi watu wa Unguja tunaiita bokoboko, na yeye kasimama mlangoni anasema, "Mlango wangu haufungwi mpaka aingie wa mwisho wenu." Nchi nzima ilikuwa ikiyasema maneno hayo pamoja naye. Kwetu sisi mlango ulifungwa kwa adhana ya magharibi, na aliyebaki nje alijijua mwenyewe.

Jina lake hasa ni Bi Zuwena. Alikuja kutoka Unguja na baba, Kiarabu hajui ila cha msahafu, akapata kazi ya kupiga taipu kwa Kiingereza katika ofisi za televisheni. Uigizaji hakuuota wala hakuutaka. Siku moja mwongozaji wa michezo, bwana wa Kimisri mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele zangu, akamwagia majivu ya sigara juu ya karatasi alizokwishazipiga. Mama akainuka. Akamtia maneno kwa lugha tatu, mkono kiunoni, kidole puani mwa yule bwana. Mmisri hakuelewa hata theluthi, lakini alimwacha amalize, halafu akawaambia wenzake, "Tumeshampata mama." Watu husomea kazi ile miaka na mikaka, mamangu aliipata kwa kugomba.

Tabu ikawa kusoma. Mama alihitimu msahafu chuoni mara tatu, lakini Kiarabu kisichotiwa irabu kinamshinda, na waandishi wa michezo hawatii irabu. Basi baba kila jioni alikaa na kalamu nyekundu akizitia irabu karatasi zake, mstari kwa mstari, huku anacheka peke yake. Na mama akazisoma vile alivyofunzwa na mwalimu wake: anavuta pa kuvuta, anatia ghunna ya puani pa ghunna, anasimama pa kusimama. "Khalfan, samli umeiweka wapi?" ikitoka kinywani mwake kama aya, mtu unataka kuitikia amin. Mwongozaji alimaliza wiki tatu kumtoa tajwidi, ule usomaji wa Kurani, mdomoni. Na akisahau maneno, mama aliingia Kiswahili bila ya hodi, nao wanasimamisha kamera, wanaanza upya, Mmisri anashika kichwa.

Mazoezi ya nyumbani alifanya na mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Nikisoma sehemu ya Budur, binti yake wa televisheni, mtoto wa misuko miwili na sauti ya kubembeleza, asiyetoka jasho hata mwezi wa saba. Mama ananishika kidevu, ananiita kipenzi cha roho yake, mboni ya jicho lake, kwa Kiarabu kinachotiririka. Ukurasa ukimalizika anakiachia kidevu. "Haya, kaanue nguo. Na hizo nywele nani kakusuka, kunguru?" Maneno matamu yote niliyoambiwa na mamangu utotoni yalikuwa ya Budur, mimi niliazimwa kwa muda wa mazoezi tu.

Leo wajukuu wananiuliza, "Bibi mkubwa alikuwa na wafuasi wangapi?" Wafuasi! Watoto nyie, sisi tulifuatwa mpaka mlango wa choo. Ijumaa tukienda pwani ya Qantab kuogelea, hatujatandika mkeka, wake za wavuvi washafika na jodari mzima. "Wa Khalfan huyu, Umm Khalfan, kakonda." Khalfan mwenyewe, yule mwigizaji, alikuwa mwanamume mzima wa miaka ishirini na sita, ana mke, anafanya kazi forodhani. Mimi mwana wa kuzaliwa nimesimama hapo na mbavu zangu zinahesabika, hakuna aliyeuliza kama nakula samaki. Skuli, mwalimu akinikuta sijafanya hesabu, alisema, "Budur angefanya hivi?" Budur! Yule alikuwa hajui kuandika jina lake, nilimwona kwa macho yangu.

Na wanawake walivyokuwa wakimganda awape siri ya harisi yake! Wallahi, mamangu hajui kupika bokoboko mpaka hivi leo. Mkate wa kumimina ukiingia mikononi mwake unatoka mkaa. Lile sinia la studio lilipikwa na mpishi wa kantini, bwana wa Kihindi aliyekuwa akikasirika sana hakuna anayemtaja, na kuku aliyekaa juu yake alikuwa huyohuyo, alirudi kipindi baada ya kipindi mpaka Khalfan akakataa kukaa karibu. Lakini mama akiulizwa, anainamisha macho, anasema, "Siri yake ni subira, mwanangu." Akishafika garini anaangua kicheko mpaka buibui linamvuka.

Sasa nifike pale ambapo sicheki.

Mwaka wa tatu, katikati ya Shaabani, wakati wanapiga picha za Ramadhani, nikapata tetekuwanga. Mwili mzima umeniumuka, homa inanichemsha, nimepakwa dawa nyeupe mpaka kwenye kope. Asubuhi mama akasimama mlangoni na mkoba wake. "Usijikune," akasema. "Ukijikuna nakukata hizo kucha kwa shoka." Akatoka. Nikaachwa na jirani, Bi Moza, mwanamke mzuri ila alikuwa akikoroma mchana. Nilimngoja mama mpaka baada ya alasiri. Sikutaka dawa wala maji, nilimtaka yeye, na nilijikuna kwa hasira.

Ramadhani ikaingia. Siku moja baada ya futari, sebule imejaa wageni, sambusa zinazunguka, mchezo ukaanza. Siku hiyo Budur anaumwa. Kanyeshewa na mvua, kashikwa na homa. Umm Khalfan kakaa kitandani kwake, kampakata, anamkanda kipaji cha uso kwa kitambaa, na analia. Lazima mjue kwamba mama alikuwa hajui kulia kwa kuambiwa lia. Miaka mitatu Mmisri alimkatia vitunguu, vitunguu vikamliza Mmisri. Lakini safari hii machozi yanamtoka kweli, yanafika kidevuni.  Bibi mmoja kaweka sambusa yake chini, anajifuta na ncha ya mtandio. "Tazameni," akasema, "mama anavyompenda mwanawe!"

Niliinuka, nikapita katikati ya sinia za watu, nikachomoa waya wa televisheni ukutani.

Kofi alilonipiga mama siku ile nalikumbuka mpaka mlio wake. "Mtoto huna adabu, mbele za wageni!" Hakuniuliza kwa nini, nami sikumwambia. Kipindi kile sikukitazama tena. Kilirudiwa, nikatoka nje. Watu wakikisifia, na kila mtu alikuwa akikisifia, nilikuwa na kazi jikoni. Niliolewa, nikazaa, nikawa bibi, jambo lile liko palepale kifuani. Akiniudhi kidogo, najisemea moyoni: huyu ndiye aliyekwenda kumlilia mtoto wa watu, wa kwake kamwachia Bi Moza. Mtu wa miaka hamsini na kitu kumwonea wivu Budur ni aibu, nnajua. Lakini niliumia, na niseme nini zaidi ya hapo.

Sasa tunakaa Bawshar, katika nyumba kubwa ambayo ukitaka chumvi lazima upande gari. Mama yuko nami, amepita themanini, kiti chake kiko chini ya kiyoyozi na hakuna mwingine anayekikalia. Binti yangu Shamsa huja kila Ijumaa na watoto wake wawili na simu yake, na katika hao watatu simu ndiyo inayoshikwa vizuri. Shamsa hampi mwanawe uji mpaka kwanza atafute mwanga wa kumrikodi. Wiki iliyopita mdogo kaanguka, goti linavuja damu, mama mtu anamwambia, "Ngoja habibi, geuka huku, sema tena unaumwa." Chini ya video watu wanamwandikia mioyo, mama bora, Mungu akuweke. Zama zetu nchi nzima ilikuwa na mama mmoja mwigizaji, naye akifika nyumbani alivua viatu na uigizaji pamoja. Hawa wa leo hawavui. Mimi naogopa wanalala navyo.

Ijumaa hiyohiyo, tuko kwenye pilau, Shamsa akapiga ukelele. Mtu kakitoa mtandaoni kile kipande cha Budur mgonjwa, kakisafisha picha na sauti, watu malaki wamekitazama. "Na kuna maneno Bibi kasema mwisho, hakuna anayejua lugha gani! Mmoja anasema Kibalushi, mwingine anasema dua ya watu wa zamani!" Kabla sijajibu ameshakirusha kwenye televisheni kubwa ya ukutani.

Ningeinuka. Lakini sahani ya pilau iko mapajani, na magoti yangu si yale ya kuruka sinia. Nikatazama.

Mama yuleyule, kijana, mdogo kuliko Shamsa. Kitambaa. Machozi. Pakafika pale nilipochomoa waya, na picha ikaendelea. Umm Khalfan akainama, mdomo wake unakaribia kugusa sikio la Budur, akasema polepole, kwa Kiswahili chetu kile cha ndani:

"Pole mamaangu. Nnakuja. Nnakuja sasa hivi. Usijikune, mwanangu, usijikune."

Shamsa akacheka. "Kiswahili! Bibi kachapia!"

Mimi niliiweka sahani chini. Budur yuko mapajani mwake, anamwambia nani anakuja? Na Budur alikuwa na homa ya mvua, hana hata kipele kimoja.

Nikageuka. Mama yuko kitini anamenya chungwa, ganda refu moja halikatiki, hata televisheni haitazami.

"Mama," nikasema, "ulikuwa ukimwambia nani?"

"Nlisahau maneno," akajibu.

"Na mwongozaji hakusimamisha kamera?"

"Miaka mitatu ananikatia vitunguu, leo kaona mtu analia, asimamishe? Alikuwa na akili yule, ila sigara tu." Akagawa chungwa, pande moja akampa mjukuu mwenye goti lililofungwa kitambaa, pande moja akaninyooshea mimi. Halafu akanitazama juu ya nyusi, pale penye kovu dogo ambalo hata mume wangu halijui limetoka wapi. "Nawe ukajikuna vilevile. Nlikwambia usijikune. Hukusikia."

Sikusikia. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshika waya mkononi.

Nilitaka kumwambia neno. Nilikuwa nayo mengi, mazuri, mengine ya Kiarabu cha irabu nyekundu: kipenzi cha roho yangu, mboni ya jicho langu. Lakini Shamsa alishainuka, simu mbele, anatafuta mwanga. "Bibi, Bibi, sema tena hivyo! Mshike Mama kidevu, useme tena, sijarikodi!"

Mama akamtazama yule mtoto wa binti yake kama alivyomtazama Mmisri siku ya majivu. Kisha akanigeukia mimi.

"We Salma, umekaa tu na jua lote hili? Inuka kaanue nguo, zitapauka."

Nikainuka, nikaenda. Nguo zilikuwa bado mbichi, na nikazianua hivyohivyo.