Bangili za Kijani na Tuzo ya Lugha ya Nyumbani

Miguu yangu haijui kutulia. Miaka ile serikali ilipofungulia biashara, maduka ya Tukuyu yakaanza kujaa redio na mitumba, miguu hiyo ilinipeleka kwenye banda la video karibu na soko, nikapata kazi ya kutafsiri. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya mwanzi, sinema ya Kihindi ikienda, nikiwaeleza watu kwa Kiswahili nani kasema nini. Kihindi chenyewe nilikijua kwa kukaa mbele ya sinema tu, mimi na darasa langu la saba. Nilichokosa nilikibuni. Kwa kuwa hapakuwa na wa kunipinga, nikawa mtaalamu.

Wa kunipinga alikuja mwenyewe. Alikuwa mama wa Kihindi, mke wa fundi wa mitambo wa kiwanda cha chai. Aliingia mchana mmoja wa mvua, kanda kaikumbatia ndani ya kanga isilowe.

"Kijana, hii si Kihindi," alisema. "Hii Kimarathi. Lugha ya kwetu, ya nyumbani. Serikali ya jimbo letu imeipa tuzo."

"Serikali inaipa tuzo sinema ya kilugha?"

"Kila mwaka. Wanaita watu jukwaani, wanawapa mkono. Mimi ninalo boksi zima la hizo za tuzo. Ukiwaeleza watu hii vizuri Jumapili, nitakuazima zote. Lakini njoo Jumamosi nyumbani, nikufundishe maneno."

Wiki ile sikukaa chini. Shuleni, aliyezungumza Kinyakyusa alivishwa kibao shingoni hadi jioni. Mimi nilikivaa mpaka kikanizoea. Kumbe huko kwao kilugha kinapewa zawadi! Nilitembea hadi Kiwira bila shughuli yoyote, nikarudi, kichwani nikitengeneza sinema ya Kinyakyusa: bibi yangu anapalilia viazi, ukungu unashuka Mlima Rungwe, waziri ananipa mkono. Boksi lile nililitaka kuliko nguo. Humo ningejifunza sinema ya nyumbani inatengenezwaje hata serikali ikaiona.

Na bado Jumamosi sikwenda kwa yule mama. Nilikwenda Kinyala kumchukua bibi, aje anione kazini. Kimarathi na Kihindi ni ndugu, nilijiambia, nitaokoteza tu.

Jumapili baada ya ibada banda likajaa. Yule mama alikaa benchi la mbele. Bibi yangu, ambaye alikuwa hajawahi kuona video, alikaa nyuma na akina mama wachuma chai. Nilianza vizuri: "Ndugu zangu, hii imepewa tuzo na serikali!" Makofi. Kisha watu wa kwenye sinema wakafungua midomo, nami sikuokota hata neno moja.

Nikabuni. Mkulima alipomuaga mkewe, nikasema anakwenda mnadani. Alipochelewa, nikasema kapata mwanamke mwingine. Watu wakacheka, nami nikapata moto. Halafu wanawake wakamzunguka yule mke, wakamvunjia bangili zake za kijani kwenye jiwe, wakamfuta doa jekundu la kwenye paji la uso.

"Haya!" nikapaza sauti. "Kamchoka mume mkorofi! Wanamvua urembo wa zamani, kesho anaolewa na tajiri!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Yule mama aliinamisha kichwa.

"Nyamaza, wewe!" Ilikuwa sauti ya bibi yangu, kwa Kinyakyusa. "Huyo amefiwa. Huoni wanavyomshika viwiko? Bibi harusi hashikwi viwiko. Babu yako alipokufa walinivua shanga, wakanishika hivyo hivyo, wakanikalisha juu ya majani makavu ya migomba. Unachekesha watu msibani?"

Yule mama akageuka. "Bibi amesema nini?"

Nilimweleza neno kwa neno, hata lile la msibani. Nadhani ndiyo tafsiri yangu ya kwanza ya kweli.

"Ni kweli," alisema, akifuta macho kwa ncha ya nguo. "Mume amechukuliwa na mto."

"Mama, nisamehe. Kimarathi sikijui. Tusaidie."

Akaja kusimama kando yangu. Yeye alieleza kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika, mimi nikawapelekea bibi na wenzake kwa Kinyakyusa. Vijana wakanung'unika. "Oya, rudisha uongo wako, ulikuwa mtamu!" Wengine wakatoka. Akina mama walibaki wameshika mashavu, na mjane alipoingia shambani peke yake na jembe, mmoja wao akaiambia televisheni, "Pole, mwenzetu."

Kanda ilipoisha, yule mama aliifunga kwenye kanga yake.

"Boksi sikupi," aliniambia. "Jumamosi nilipika chai, nikakungoja mpaka ikapoa."

Bibi akanivuta shati, anasema nini huyo? Nikamweleza. Bibi akaenda akamshika yule mama kiwiko, taratibu. "Mwambie Jumamosi nakuja mimi, na ndizi. Wewe kazi yako kubeba."

Nikatafsiri bila kuongeza chumvi. Yule mama akacheka kidogo. "Basi bibi akija, boksi litafunguliwa."

Jumamosi hiyo niliufikia mlango wao mvua haijaanza, mkungu begani, bibi nyuma kule kwenye mashamba ya chai akinipigia kelele nipunguze mwendo.